Badhaai Ho na lawama ya "nusu ya pili imelegea"

Tarehe 18 Oktoba 2018, wiki ya sikukuu ya Kihindu ya Dussehra, filamu mbili za Kihindi ziliingia kumbini siku moja. Namaste England ilikuwa na mastaa wawili, Arjun Kapoor na Parineeti Chopra, na safari ya Ulaya ndani yake. Badhaai Ho, yaani "Hongera", ilikuwa na mkaguzi wa tiketi za treni, mkewe mtu mzima ambaye mwanawe mkubwa keshafika umri wa kuoa, na mimba ambayo hakuna aliyeitarajia. Ya kwanza ilizama. Ya pili iliuza siku ya pili kuliko siku ya kwanza, na hiyo ni dalili ambayo wenye majumba ya sinema huiamini kuliko trela: waliotoka kumbini wamekwenda kuwaambia waliobaki nyumbani.

Wahakiki nao waliipenda. Wengi walitoa nyota tatu, tatu na nusu, hata nne kati ya tano. Lakini ukizisoma tahakiki zake kwa mkupuo, utakuta lawama moja inajirudia kama kiitikio: nusu ya pili imelegea. Lawama hiyo si ya Badhaai Ho peke yake. Imeandikwa juu ya vichekesho vingi vya kifamilia vya Kihindi vilivyotoka miaka ya karibuni, na mimi naona wahakiki huwa sahihi kuhusu mahali panapouma, ila ugonjwa wenyewe mara nyingi wanaukosa.

Kwanza waliposifu, kwa sababu sifa zenyewe ndizo zinazoeleza lawama.

Jina kubwa kwenye bango ni Ayushmann Khurrana. Wiki mbili kabla alikuwa ametoka na Andhadhun, filamu iliyompa Tuzo ya Taifa ya filamu ya India ya mwigizaji bora, aliyogawana na Vicky Kaushal. Humu ni Nakul, kijana wa Delhi anayeona aibu kwa sababu wazazi wake bado wanapendana kitandani. Ni kazi isiyo na shukrani: stelingi anatakiwa akunje uso, ajifiche, awaachie wengine uwanja. Wahakiki walimpa heshima yake kwa hilo, kisha maneno matamu karibu yote wakawapa watu watatu: Neena Gupta ambaye ni mama, Gajraj Rao ambaye ni baba, na Surekha Sikri ambaye ni bibi mzaa baba.

Julai 2017 Neena Gupta aliandika Instagram kwamba anaishi Mumbai, ni mwigizaji mzuri na anatafuta kazi nzuri. Miezi kumi na mitano baadaye alikuwa Priyamvada, na mwaka uliofuata jarida la sinema la Filmfare likampa tuzo ya wahakiki ya mwigizaji bora wa kike, huku Rao na Sikri wakichukua zile za waigizaji wasaidizi. Rao ni mdogo kwa Gupta kwa zaidi ya miaka kumi. Sinema ya Kihindi imezoea kinyume chake, mwanamume wa miaka hamsini na binti wa ishirini na tano, na hakuna anayeshtuka. Kinachowafanya wawili hawa waaminike ni ile soni waliyo nayo. Rao anamcheza Jeetender Kaushik kama mtu aliyevunja chombo cha watu na sasa anatafuta mlango: sauti ya chini, sentensi zisizomalizika, mikono isiyojua pa kukaa. Ana tabia ya kutunga mashairi kwa jina la kalamu la Vyakul, na filamu inaitumia tabia hiyo kwa kazi maalumu. Ushairi ndio unaotuonyesha kwamba mimba hii haikuwa ajali ya mwili tu. Ilitoka kwenye mapenzi ambayo nyumba iliyojaa watu haikuwa na nafasi ya kuyaona.

Tukio linalotajwa kuliko yote ni la harusi ya Meerut. Familia inakwenda huko, vijana wanabaki Delhi kwa aibu, na ndugu wanaanza kumsimanga Priyamvada. Mavyaa wake, yaani yule bibi, ambaye nyumbani amekuwa akimnanga mkaza mwana wake kila apitapo, anawageuzia kibao wanawe wengine: nyinyi mnaocheka, mko wapi ninapougua? Anayenitunza ni huyu. Ukilisoma kwenye karatasi ni hotuba, na hotuba ni hatari katika filamu ya aina hii. Linasimama kwa sababu mbili. Sikri halitamki kama hekima, analitamka kama hasira ya mzee aliyechoshwa, kwa lahaja ya upande wa Meerut ambayo haina chembe ya ulaini wa Kihindi cha redioni. Na pili, skripti haikumfanya malaika kabla ya hapo. Bibi mpole angesema maneno yaleyale na ukumbi ungepiga miayo.

Hapa kuna jambo ambalo wahakiki wa ng'ambo wanaotegemea maandishi ya Kiingereza chini ya picha hawawezi kulipata, na msomaji wa Kiswahili analipata bure. Waingereza wana neno moja tu kwa shangazi, mama mdogo, mama mkubwa na mke wa mjomba. Kihindi hakina umaskini huo. Bua ni shangazi, mausi ni mama mdogo au mama mkubwa, chacha ni baba mdogo, tau ni baba mkubwa, bahu ni mkaza mwana, saas ni mavyaa. (Neno "mama" kwa Kihindi ni mjomba, na hilo limewachanganya wengi.) Katika kichekesho cha kifamilia, nusu ya utani iko kwenye nani ana haki ya kumwambia nani nini. Mavyaa akimtetea mkaza mwana dhidi ya watoto wake wa kuwazaa, mbele ya wageni wa harusi, amevunja safu nzima ya utii. Mtu anayesoma tu kwamba kikongwe anawafokea jamaa zake ataona tukio zuri. Anayejua mavyaa ni nani ataona mapinduzi.

Tahakiki inayotaja lahaja, vyeo vya kindugu na jinsi nyumba ilivyopangwa huwa imeandikwa na mtu aliyetazama. Inayosema tu kwamba filamu ina vituko na joto la familia inaweza kuwa imeandikwa kutoka kwenye trela.

Sasa nusu ya pili.

Filamu ya Kihindi huandikwa ikiwa na intavali tumboni. Kumbini taa zinawashwa, watu wanakwenda kununua samosa na bisi, na wenye jumba wanategemea mauzo hayo, maana chakula ni sehemu kubwa ya mapato yao. Hata filamu za Marekani zisizo na mapumziko hukatwa katikati zikifika India. Kwa hiyo mwandishi wa skripti ya Kihindi hajengi hadithi moja ya saa mbili. Anajenga mbili za saa moja moja, na kati yake anaweka ndoano ya kuwarudisha watu vitini. Muswada ukiwa na ndoano nzuri lakini hauna hadithi ya pili, intavali inauanika hadharani. Mtazamaji amesimama, amenyoosha miguu, amezungumza na mwenzake, na akirudi anaidai filamu upya kana kwamba ndiyo imeanza.

Katika kichekesho cha kifamilia, kuni za nusu ya kwanza karibu kila mara ni siri au aibu. Kuna jambo halitamkiki mezani. Kila anayeingia chumbani anaweza kulitamka. Hapo kicheko hakihitaji hata utani; kikombe cha chai kikitua kwa kishindo kinatosha. Lakini siri ni kuni kavu, zinawaka upesi na kwisha. Ikishajulikana na kila mtu, ucheshi hauna tena cha kula, na mwandishi aliyebaki na dakika sitini mkononi anaokota kilicho karibu: machozi. Mhakiki anaandika "inaingia kwenye tamthilia ya machozi". Kweli imeingia, ila machozi ni matokeo tu. Kuni zilikuwa zimekwisha zamani.

Vicky Donor ya 2012, iliyoongozwa na Shoojit Sircar kwa skripti ya Juhi Chaturvedi, ni mfano safi. Kijana Mpunjabi wa Lajpat Nagar anauza mbegu zake kwa daktari wa uzazi, na mama yake mwenye saluni hajui. Nusu ya kwanza ni dhahabu, na matukio yaliyoshangiliwa zaidi hayahusu hata mbegu: ni yale ya mama na mavyaa wake wakinywa wiski pamoja usiku, wajane wawili wanaosutana na kupendana kwa glasi moja. Kisha siri inafichuka baada ya ndoa, mke anaondoka, na filamu inakaa kitako kueleza, kusamehe na kuhitimisha kwa daktari kuwakusanya watoto zaidi ya hamsini mahali pamoja ili mke awaone. Wahakiki wengi walilalamikia sehemu hiyo, na walikuwa na haki. Hata hivyo Tuzo za Taifa zikawapa Annu Kapoor na Dolly Ahluwalia tuzo za waigizaji wasaidizi, na filamu yenyewe ikagawana na Ustad Hotel ya Kimalayalam tuzo ya filamu pendwa yenye burudani ya staha. Tuzo hiyohiyo ya filamu pendwa Badhaai Ho ikaja kuipata katika awamu ya 66.

Linganisha na Khosla Ka Ghosla ya 2006, filamu ya kwanza ya Dibakar Banerjee, iliyoandikwa na Jaideep Sahni. Mzee Khosla ananunua kiwanja Delhi kwa akiba ya maisha yake, tapeli wa ardhi anakivamia na kudai fedha ili aondoke. Hapa hakuna siri ya kufichuka, kuna dhuluma. Na baada ya kulia kwao, familia haikai kuelezana hisia. Inaanza kazi: inakodi waigizaji wa jukwaani, inamvisha mmoja wao utajiri wa bandia, na inamuuzia yule tapeli ardhi ambayo ni ya idara ya serikali ya uvuvi. Nusu ya pili ina zana zake, hatari zake na saa yake inayokimbia. Nani atasahau mstari wake? Nani atatokwa jasho? Hadi leo ni nadra kusikia mtu akilalamika kwamba Khosla Ka Ghosla inalegea baada ya mapumziko, na ilipata Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya Kihindi ingawa ilisota kwa muda mrefu kabla ya kupata msambazaji.

Kipimo changu basi ni hiki: baada ya intavali, wahusika wana kazi ya mikono ya kufanya, au wana mazungumzo tu?

Piku ya 2015, ya Sircar na Chaturvedi tena, ilipita kwenye kipimo hicho kwa ujanja mwingine. Mzee Bhashkor Banerjee, Amitabh Bachchan mwenye kitambi cha bandia, hana habari ila choo chake kisichopatikana. Hilo si siri. Analitangaza mezani, kwenye simu, popote. Kwa kuwa hakuna cha kuficha, hakuna kinachokwisha. Kisha filamu inawatia kwenye gari kutoka Delhi hadi Kolkata, mzee, binti na mwenye kampuni ya teksi, Irrfan Khan, na barabara inakuwa ndiyo kazi. Walioipunguzia nyota walisema haina hadithi. Ni kweli haina, kwa maana ya fundo na ufumbuzi, na ndiyo maana haikupata mahali pa kulegea. Bachchan alichukua Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora, na Chaturvedi akatuzwa kwa skripti na mazungumzo.

Mwaka huohuo Dum Laga Ke Haisha, filamu ya Haridwar ya miaka ya 1990 yenye duka la kanda za kaseti na ndoa ya kulazimishwa, ilikwepa hotuba kabisa. Mume anayeona aibu kwa unene wa mkewe hatakiwi kuomba radhi kwa maneno. Anatakiwa ambebe mgongoni katika mbio za wanandoa mbele ya mji mzima. Uzito uliokuwa utani unakuwa mzigo halisi, na goti lake linajua. Haifiki saa mbili. Sharat Katariya alijua pa kusimama.

Turudi Badhaai Ho tukiwa na kipimo hicho mkononi. Siri yake inafichuka mapema sana. Familia inaambiwa, kisha mtaa, kisha jamaa. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu kuni zinahama kutoka siri kwenda aibu, na aibu hudumu kuliko siri: tumbo linakua kila wiki, haliwezi kukanushwa. Kosa liko kwingine. Filamu ina mapenzi mawili, ya wazazi na ya Nakul na Renee, mwenzake wa kazini anayetoka kwenye nyumba ya kitajiri. Nusu ya kwanza inatufunga kwa wazazi. Meerut ikishapita, fundo la mama limelegezwa na mtu mwenye mamlaka kuliko wote nyumbani. Kilichobaki ni Nakul: maneno makali aliyomtolea mama yake Renee, kuvunjika kwa uchumba, kuomba radhi, kurudi. Yote yamefanywa kwa ustadi, na Sheeba Chaddha kama mama wa Renee hana tukio baya hata moja. Ila ni mkopo wa mtu mwingine tunaolipishwa sisi. Hatukuwekeza huko.

Kwa hiyo ukisoma kwamba inageuka ya machozi, jiulize machozi ya nani. Ya Priyamvada hayakumchosha mtu. Ya wapenzi vijana ndiyo yaliyowatazamisha watu saa zao. Mhakiki aliyeandika kwamba uzi wa Nakul na Renee ni mwembamba kuliko wa wazazi alikuwa amegusa kidonda chenyewe. Aliyeandika tu kwamba kasi inapungua alikuwa amegusa kanzu.

Kuna kipande kingine cha fumbo hili ambacho hutajwa kwa kupita tu. Hesabu waliotengeneza filamu hizi: Amit Sharma wa Badhaai Ho ni mwongozaji wa matangazo ya biashara, ndiye aliyetengeneza lile tangazo la Google la 2013 la marafiki wawili wazee waliotenganishwa na mgawanyiko wa India na Pakistani. Juhi Chaturvedi alitoka kwenye matangazo. Dibakar Banerjee na Jaideep Sahni vilevile. Gauri Shinde wa English Vinglish, Ashwiny Iyer Tiwari wa Bareilly Ki Barfi, wote njia hiyohiyo. Tangazo la sekunde thelathini linakufundisha kitu ambacho shule ya filamu inachukua miaka kukifundisha: kumjulisha mtu kwa kitu kimoja. Kofia ya kuzuia baridi, sauti ya jiko la presha, mlango wa jokofu usiofunga, na tayari unaijua nyumba, kipato chake na nani anaogopwa. Sifa zote za wahakiki kuhusu "undani wa maisha ya tabaka la kati" zinatoka kwenye ujuzi huo. Lakini tangazo halikufundishi kumbadilisha mtu kwa muda wa saa mbili. Linaisha akiwa bado mpya machoni. Filamu ya kwanza ya Sharma, Tevar ya 2015, haikuwa hata na faida hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya ngumi na ilirudia filamu ya Kitelugu. Ilianguka. Stelingi wake alikuwa Arjun Kapoor, yuleyule aliyesimama upande wa pili siku Badhaai Ho inafunguliwa.

Mafanikio yakaleta ugonjwa mwingine, na hapa naona wahakiki walichelewa kuuona. Kati ya 2017 na 2020 kituko kikawa fomula: mji wa wastani wa kaskazini mwa India, jambo lisilotajika, familia yenye kelele, na Ayushmann Khurrana. Shubh Mangal Saavdhan ya 2017 ilihusu mchumba asiyeweza kusimamisha. Mwisho wake wa vurugu ulilaumiwa sana, na ukiupima kwa kipimo changu cha hapo juu utaona kwa nini, kwa kuwa tatizo la watu wawili chumbani lilipelekwa nje na kutatuliwa kwa ajali na zogo. Mwaka 2019 zilitoka filamu mbili za vijana wenye upara kwa tofauti ya wiki moja, Ujda Chaman na Bala. Ya pili ilikuwa bora kwa mbali, ila ilimpaka Bhumi Pednekar rangi ya kumtia weusi ili azungumzie ubaguzi wa rangi, na wahakiki waliokuwa wakisamehe kila kitu kwa sababu ya nia njema walilazimika kusimama. Kichekesho kinachomtetea mtu hakiwezi kumvaa mtu huyohuyo kama vazi.

Fomula hiyo inakufa pale kituko kinapokuja kwanza na nyumba ikatafutwa baadaye. Katika Badhaai Ho unaweza kuiondoa mimba na bado ukawa na familia inayotazamika: baba anayebanwa kati ya mama na mke, kijana anayetaka kukimbilia tabaka la juu, mdogo wake Gullar anayebeba aibu ya shuleni kimyakimya. Jaribu kuuondoa upara kwenye Ujda Chaman uone kinachobaki.

Ankhon Dekhi ya Rajat Kapoor, 2014, ndiyo ninayoitaja kila mtu anaponiambia neno la wahakiki halina uzito. Bauji, mzee wa Delhi ya zamani anayechezwa na Sanjay Mishra, anaamua siku moja kwamba hataamini chochote asichokiona kwa macho yake. Anaacha kazi, nyumba inapasuka, ndugu yake anahama. Mauzo yalikuwa madogo. Wahakiki waliishikilia kama mtoto wao, Filmfare ikampa Mishra tuzo ya wahakiki na Kapoor tuzo ya hadithi bora, na ikaendelea kutazamwa kwa kupendekezwa na mtu kwa mtu muda mrefu baada ya kutoka kumbini. Kituko chake hakitatuliwi kamwe, na hakuna anayeomba radhi kwa hotuba.

Neno kuhusu takwimu, kwa sababu mapokezi ya wahakiki hubishaniwa kwa takwimu za mauzo na watu huzichanganya. India huhesabu kwa laki na krori. Krori moja ni laki mia moja, yaani milioni kumi. Badhaai Ho ilipata zaidi ya krori 130 nchini baada ya kuondoa kodi, na zaidi ya krori 200 duniani kote kabla ya kuiondoa. Hizo ni hesabu za aina mbili, usizitoe moja kwa nyingine. Hadi mwisho wa 2018 tiketi ya zaidi ya rupia 100 ilitozwa kodi ya asilimia 28. Januari 2019 ikashuka hadi 18. Ukilinganisha jumla ya kabla ya kodi ya filamu ya 2018 na ya 2019, unalinganisha pia sheria mbili za kodi. Na hakuna hata moja kati ya takwimu hizo iliyo faida ya mtayarishaji, kwa sababu wenye majumba ya sinema huchukua fungu lao kwanza.

Nyota nazo zina lugha yake. Katika magazeti na tovuti za India, nyota tatu kwa kichekesho cha kifamilia si alama ya wastani. Ni "nenda, chukua wazazi". Tatu na nusu ina maana mhakiki alicheka na anaona haya kidogo kukiri. Mbili na nusu ndiyo yenye sumu: waigizaji wazuri, skripti haikufika. Kwa hiyo acha nyota, nenda aya ya mwisho kabla ya hitimisho, ndiko lawama huwekwa. Kisha angalia ametaja majina ya wangapi nje ya wahusika wakuu wawili. Akitaja wanne au zaidi na kueleza kila mmoja anafanya nini, nyumba ipo. Akimtaja stelingi mara saba na jamaa wengine akawaita tu "waigizaji wasaidizi wenye vipaji", nyumba haipo, hata kama nyota ni nne.

Surekha Sikri alipata kiharusi muda mfupi baada ya Badhaai Ho kutoka. Desemba 2019 alikwenda Vigyan Bhawan, Delhi, kwa kiti cha magurudumu kuchukua Tuzo yake ya tatu ya Taifa, baada ya zile alizopata kwa Tamas na Mammo, na ukumbi ukasimama. Alifariki Julai 2021. Mwaka uliofuata Watamil wakaitengeneza upya hadithi ya Badhaai Ho kwa jina la Veetla Vishesham, Sathyaraj na Urvashi wakiwa wazazi. Atakayeipata atazame kwanza harusi na bibi, aone kama mwandishi alithubutu kumfanya bibi awe mkali kabla ya kumpa maneno ya kutetea.